Vitufe vya Mwendwa

6 Oktoba

Mwezi uliopita nilistaafu ualimu. Mkono wangu ulizoea kuandika maandalio ya somo kila jioni, na sasa jioni ikifika unahangaika kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nimeona niupe kazi. Nitaandika ya hapa nyumbani Kola msimu huu wa vuli, mpaka wenyewe uchoke.

Mvua bado. Bartholomew, mume wangu, amepanda mahindi, ndengu, kunde na mbaazi kwenye udongo mkavu, kama baba yake alivyokuwa akifanya, ili mvua izikute mbegu ardhini. Mwanetu Mwendwa alimtazama kupitia dirishani. Ana miaka ishirini na mitatu. Misuli yake ilianza kufa akiwa darasa la tatu: miguu kwanza, halafu mgongo, halafu mabega. Amebakiwa na vidole viwili vya mkono wa kulia, shingo kidogo, na mdomo ambao haujaugua hata siku moja.

Chumbani mwake kuna kompyuta. Siipendi.

8 Oktoba

Jua. Hakuna jipya.

11 Oktoba

Onesmus amekuja. Ni fundi wa kompyuta, ana kibanda nyuma ya soko pale Machakos mjini. Yeye na Mwendwa walisoma darasa moja, na yeye ndiye aliyekuwa akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Ile kompyuta aliiunganisha mwenyewe kwa vipande vya kuokoteza. Sanduku lake limekatwa ubavuni, na ndani unaona feni ikizunguka kama utumbo wa mnyama aliye hai. Onesmus anacheka kwa sauti ya mlevi ingawa hanywi. Anaingia na viatu vya vumbi mpaka chumbani. Kanisani sijamwona tangu kipaimara.

"Mwalimu, habari ya hapa?"

"Njema. Umekuja kumwongezea michezo?"

"Hapana, Mwalimu. Kitufe cha kidevu kimeanza kukwama."

Vitufe hivyo ni kazi yake pia. Alivitoa kwenye kengele za milango akavipigilia kwenye ubao. Viwili vinakaa pajani, chini ya vile vidole viwili, na cha tatu kiko kwenye waya mnene uliopindwa hadi chini ya kidevu. Halafu aliandika programu ndogo: Mwendwa akibonyeza mara moja, kompyuta inafanya yale ambayo mtu mwenye vidole vyote angefanya kwa kubonyeza mara nne.

Waliketi mle mpaka jua likapinda. Nilisikia vicheko, na milio ya bunduki za uongo. Nilikuwa nachambua kunde za kupika, na moyo wangu ulikuwa mchungu. Nilijiambia: mtoto huyu hana siku nyingi, na siku zenyewe anazitupa mle ndani.

12 Oktoba, Jumapili

Baada ya misa padre aliuliza Mwendwa anashinda akifanya nini. Nilimwambia anasoma.

17 Oktoba

Mawingu yalikuja kutoka upande wa vilima vya Mua yakapita. Bartholomew alivua kofia akayatazama, kisha akaivaa tena.

Leo nimemuuliza Mwendwa ana kwa ana. Nilikuwa namlisha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe.

"Humo ndani unatafuta nini?"

"Mwaitu," aliniita mama kwa Kikamba, "unataka kujua kweli, ama unataka kugomba?"

"Nataka kujua."

Akaniambia. Ni mchezo wa vita. Vikosi viwili vya watu wanne wanne vinagombea daraja. Watu wenyewe ni wa kweli, kila mmoja yuko kwao. Huko anaitwa Mbiti, yaani fisi, kwa sababu fisi hachoki kutembea. Mwenzake mkubwa ni msichana wa Matuu anayeitwa Kanini, mwanafunzi wa chuo. Wamecheza pamoja karibu miaka miwili.

"Anajua hali yako?"

"Hakuna anayejua. Na hawatajua." Alimeza kijiko. "Huko nikikosea wananitukana. Nikichelewa wananipiga. Hakuna anayeinamisha kichwa akiongea na mimi."

Nilisema ni sawa, lakini sikuelewa. Niliona kwamba ananificha kwa watu, mimi na nyumba hii. Iliniuma.

20 Oktoba, Mashujaa

Jeff amekuja! Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimlea tangu akiwa na miaka sita, nikamsomesha mpaka akamaliza. Sasa yuko Syokimau, anafanya kazi kwenye kampuni inayokodisha hiyo michezo ya kompyuta. Alikuja na sukari, unga na mkate, na chini ya kwapa sanduku jeupe. Nilichinja kuku.

Ndani ya sanduku mlikuwa na skrini, nyembamba kama trei. Haina feni wala waya nyingi. Aliiweka mezani, na ile ya Onesmus ikaonekana kama jiko la mkaa.

"Hii ndio sasa, Mwendwa," Jeff alisema. "Kompyuta yenyewe haiko hapa. Iko kwa seva zetu, mashine kubwa za kampuni. Hapa unapata picha tu. Hakuna kununua vifaa, hakuna fundi. Na vifaa vyenyewe siku hizi vimepanda bei kama mwewe, hawa watu wa akili bandia wananunua chipu zote za kumbukumbu duniani. Miaka mitano hivi hakuna mtu wa kawaida atakuwa na kompyuta nyumbani."

"Basi hii si kompyuta," Mwendwa alisema.

"Ni nini?"

"Ni dirisha. Naangalia kompyuta ya mtu mwingine."

Jeff alicheka. "Kwani kompyuta ni nini kwako? Hilo sanduku la kelele?"

"Jeff, kompyuta yako ni ile ukiiambia fanya, inafanya, bila kwanza kwenda kuuliza mtu. Ukitaka kuifungua unaifungua. Ukikosa vidole unaiwekea kengele ya mlango."

"Na mwizi pia anaiwekea anachotaka," Jeff alijibu. Wakati huu hakucheka. "Unajua watu wangapi wanadanganya kwa programu zinazowalengea shabaha? Mtu ananunua mchezo, anapigwa na mashine, anaacha. Ukifunga kompyuta ndio mchezo unakuwa wa haki. Sisemi hivyo ndio niuze, ni ukweli."

Kila mmoja alikuwa na la maana, na mimi nilikuwa upande wa Jeff. Bartholomew aliuliza swali moja tu: "Ni kama kulima shamba la kukodi?" Mwendwa akamjibu baba yake, "Hiyo kabisa, Nau." Bartholomew amewahi kulima shamba la kukodi na kufukuzwa mahindi yakiwa yamefika kiunoni.

Skrini mpya haikuvitambua vitufe vya Onesmus. Jeff alisema kuna vyake maalumu, vitaletwa. Nimeifunika kwa kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu isipate vumbi.

25 Oktoba

Mvua! Imepiga bati tangu adhuhuri. Bartholomew alisimama uani ikimnyeshea kama mtoto. Mwendwa aliomba tumsogeze mlangoni, rasharasha zikamfika usoni.

26 Oktoba, Jumapili

Mvua. Barabara ya kanisani haipitiki. Tulisali nyumbani.

28 Oktoba

Ninaandika usiku.

Saa tisa mchana nilimsikia Mwendwa akiita. Kwa kawaida haiti hivyo. Nilidhani amebanwa na pumzi. Nilimkuta mzima, anatazama skrini, na kwenye skrini hapana picha, ni maandishi tu juu ya weusi. Akaniambia nisome, mimi mwalimu. Nikasoma. Yalisema akaunti ya Mbiti imefungwa daima kwa kutumia kifaa kisichoaminika na programu ya udanganyifu.

"Udanganyifu gani?"

"Vitufe," alisema. "Wameweka mlinzi mpya, ni programu. Anaingia mpaka ndani ya kompyuta, anapekua. Ameona kitufe kimoja kinafanya kazi ya vinne, amesema mimi ni mwizi."

"Si uwaambie?"

"Nimewaambia. Imejibu mashine."

Kisha simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Simu iko kwenye kishikio karibu na mdomo wake, naye huiamuru kwa kutamka. Hakuniambia nitoke. Ilikuwa sauti ya msichana, kwa hasira: "Mbiti, kumbe ndio maana ulikuwa unashinda hivyo? Miaka miwili nakutetea kwa watu. Miaka miwili, bana. Usinitafute."

Huyo ndiye Kanini.

Nimemfundisha Mwendwa kusoma. Nimemwona akianguka mara ya mwisho aliyojaribu kusimama, na alicheka siku ile. Leo alilia bila sauti, na machozi yalimwingia masikioni kwa sababu hana mkono wa kuyafuta. Niliyafuta mimi. Aligeuza macho ukutani.

Nje mvua haikukatika.

30 Oktoba

Mwendwa hali chakula. Anasema ameshiba.

2 Novemba, Jumapili

Onesmus alitembea kutoka barabara kuu, matope mpaka magotini, kwa sababu bodaboda zimekataa njia. Aliandika malalamiko kwa kampuni yenye mchezo, huko ng'ambo. Wamejibu kwamba watafikiria iwapo watatumiwa barua ya daktari na video inayoonyesha mchezaji na hali yake.

"Sitaki," Mwendwa alisema.

"Ni video fupi tu," nikasema.

"Mwaitu, sitaki. Nikiwaonyesha huu mwili, Mbiti amekufa. Watamrudisha nani?"

Nilimtazama Onesmus anisaidie. Akasema, "Ni yake, Mwalimu. Akisema hapana ni hapana." Nilimchukia. Niliona kwamba ni rahisi kwake kusema hivyo, kisha arudi mjini aniachie mtoto asiyekula.

5 Novemba

Mahindi yameota vizuri. Palizi. Mvua ya mawe ilipita upande wa pili wa bonde.

Mtandao umepotea tangu jana. Skrini ya Jeff nimeifunua nikaijaribu ili nimchangamshe. Ilionyesha duara linalozunguka, likazunguka mpaka nikaifunika tena. Ile ya Onesmus ilikuwa inawaka, na Mwendwa aliitumia kusikiliza vitabu alivyonavyo mle. Hakusema neno kwamba ni afadhali. Mimi niliona.

8 Novemba

Jeff alipiga simu. Nilimweleza yote. Akasema, "Anti, nitumie mimi hiyo video. Najua watu. Ikipita kwa mikono yetu itasikika haraka. Mwendwa hatajua mpaka arudishiwe akaunti. Si ni surprise nzuri?"

Nimetafakari nikipalilia mistari mitatu ya ndengu. Mtu akizama, humuombi ruhusa ya kumshika nywele. Mchana, Mwendwa akiwa amelala kitini kichwa kimeanguka kifuani, nilishika simu. Nilichukua vidole. Nilichukua vitufe. Nilichukua Bartholomew akimwinua kumpeleka kitandani, miguu ikining'inia. Bartholomew aliuliza, nikamwambia ni ya daktari.

Nimeituma.

9 Novemba, Jumapili

Sikwenda kanisani.

13 Novemba

Video iko kila mahali. Jirani yetu mmoja alikuja mbio na simu mkononi, akinipongeza. Wameiwekea muziki wa huzuni. Wameandika "Shujaa wa Kola". Mwisho kabisa kuna ile skrini nyeupe, na jina la kampuni ya Jeff, na maneno kwamba michezo sasa ni ya kila mtu. Skrini ambayo haijacheza hata dakika moja katika nyumba hii.

Mwendwa alikuwa ameshaona. Nilipoingia hakupaza sauti.

"Ni wewe ulichukua?"

"Ni mimi."

"Nilikuwa nimelala."

"Ulikuwa umelala."

"Watu laki moja wameniona natokwa na mate," alisema. "Kanini ameniandikia. Anasema samahani, mpenzi. Hajawahi kuniita mpenzi. Alikuwa akiniita mjinga."

Nikamwambia akaunti imerudishwa, Jeff amenihakikishia. Akasema anajua. Akasema, "Asante, Mwaitu," kwa adabu, kama anavyomwambia mgeni aliyeleta maziwa. Afadhali angenitukana.

16 Novemba, Jumapili

Walikuja, Kanini na wavulana wawili wa kikosi chao, kwa gari la kukodi. Walileta maembe na kadi kubwa yenye maua. Kanini ni msichana mfupi mwenye sauti kubwa, lakini alipofika mlangoni mwa chumba sauti ilimwisha. Alitazama vitufe, akatazama vidole, akaangua kilio. Wavulana walitazama viatu vyao.

Mwendwa aliwachekesha. Aliwasimulia jinsi alivyokuwa anabonyeza, akawapa moyo, akawaambia wale maembe. Kwa muda wote walioketi yeye ndiye alikuwa akiwafariji. Walipoondoka alikuwa amechoka hata hawezi kumeza maji.

"Sasa umefurahi?" Bartholomew aliniuliza jikoni. Katika ndoa yetu yote hajawahi kuniuliza swali la namna hiyo. Kisha akatoka.

18 Novemba

Amecheza. Niliketi nyuma yake nikatazama. Mara ya kwanza nimetazama kweli.

Alikuwa anavuka daraja. Adui alitokea mbele yake, karibu kabisa, akiwa na bunduki. Yule adui akasimama. Akashusha silaha. Akampisha. Akaja mwingine, naye akampisha, tena akaruka juu na chini kama anayempigia makofi. Mwendwa alifika mwisho wa daraja peke yake bila kupigwa risasi hata moja, na skrini ikaandika kwamba ameshinda.

Aliondoa kidevu kwenye kitufe. "Zima, Mwaitu," alisema.

Nilizima. Ndipo nilipoelewa nilichokichukua siku ile alipokuwa amelala.

20 Novemba

Anakohoa.

21 Novemba

Mvua, baridi. Anakohoa zaidi. Homa.

22 Novemba

Tumemleta hospitali Machakos. Bartholomew na Onesmus walimbeba kwenye kiti mpaka barabarani, mimi nyuma na mwavuli. Onesmus aliteleza akaanguka magoti mara mbili, hakumwachia. Kichomi, pande zote mbili.

24 Novemba

Oksijeni.

26 Novemba

Onesmus amekuja kila siku akitoka kazini. Anamnyoa. Anamsafisha mdomo kwa pamba kama alivyoonyeshwa na nesi. Mimi nilimfahamu kijana huyu kwa kelele zake, na humu wodini sijasikia sauti yake ikizidi ya saa ya ukutani. Leo nilimwambia, "Ulisema hapana ni hapana." Akasema, "Mwalimu, hata mimi nilitaka kuichukua hiyo video. Nilitoa simu mara mbili." Akaendelea kukunja taulo.

27 Novemba

Bartholomew alirudi nyumbani kuangalia shamba. Anasema viwavi wameingia mahindini.

30 Novemba, Jumapili

Tumerudishwa nyumbani. Yuko hai. Daktari aliongea nasi pembeni kwa upole: mapafu yamepona safari hii, safari nyingine hawezi kuahidi.

Vidole viwili havijarudi. Onesmus aliviweka juu ya vitufe kama vilivyokuwa. Mwendwa alivitazama kwa bidii, kama mtu anayeita ng'ombe wa mbali. Havikusogea. Kidevu nacho hakina nguvu ya kushusha kitufe.

"Basi," alisema.

3 Desemba

Mvua imekatika kama uzi. Mahindi yametoa mbelewele na hayana maji.

6 Desemba

Jeff amekuja, na kijana mwenye kamera. Hawakuwa wamepiga simu. Alitaka sehemu ya pili: Mwendwa akitoka hospitali, Mwendwa akicheza kwa skrini mpya. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi.

"Habari ya hapa, Anti."

"Vidole vimekufa, Jeff. Hawezi kucheza."

Alishtuka, na alishtuka kweli. Nilimwona mtoto niliyemlea. "Sikujua, Anti. Pole." Kisha akatazama kule kwa mwenye kamera, akashusha sauti. "Lakini tunaweza kuonyesha akitumia macho. Kuna teknolojia, iko njiani. Watu wachange. Itamsaidia hata yeye."

"Ulimwuliza?"

"Si ni kwa faida yake?"

Hayo hayo, kwa maneno mengine, nilijiambia mimi nikipalilia ndengu. Kuyasikia kinywani mwake kulikuwa kama kujiona kwenye kioo ghafla. Nikamwambia yeye anakaribishwa chai, kamera haiingii. Alisema wamesafiri mbali. Nikasema hata hivyo. Mwishowe alinieleza, kwa hasira kidogo, kwamba kuanzia Januari ule mchezo hautachezwa tena kwenye kompyuta za watu. Utachezwa kwenye skrini za kukodi peke yake, kwa hiyo ile takataka ya Onesmus itakuwa ya kuwekea vikombe.

Nilimpa ile skrini yake na kitambaa changu juu. Hakunywa chai. Nampenda mtoto huyu, na leo sikumsindikiza.

7 Desemba, Jumapili

Padre aliuliza habari za Mwendwa. Nilimwambia: alikuwa mchezaji wa kompyuta, Padre, mzuri sana, na sasa hawezi tena.

10 Desemba

Jua limeunguza kunde za upande wa juu. Bartholomew anang'oa mahindi awape ng'ombe yakiwa bado na ubichi kidogo.

Onesmus alileta mchezo mwingine, kwenye kijiti cha kumbukumbu, flashi. Ni wa zamani, umetengenezwa hata kabla Mwendwa hajaanza shule. Picha zake mbovu, watu wana sura kama matofali. Waliouunda waliuacha zamani. Lakini wachezaji waliuweka wenyewe kwenye kompyuta zao, wanautunza, wanaupitisha mkono kwa mkono. Onesmus anauendesha kwenye mashine moja pale kibandani, na vijana wa Machakos, Matuu na hata Kinanie wanaingia.

"Huu hakuna wa kuufunga," alisema. "Hauna mwenyewe. Bora tu mtu abaki na kompyuta ya kuuweka."

"Na wakiisha wenye kompyuta?" Mwendwa aliuliza.

Onesmus alikuna kichwa. "Vipande vimekuwa ghali, ni kweli. Mimi nimeanza kuokota hata zile za kutupwa. Sijui, Mwendwa. Tutacheza mpaka ya mwisho izimike."

"Na mimi nitacheza na nini? Ulimi?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha uji. Sikupanga kusema. Nilisema, "Mimi niko na vidole kumi."

Onesmus alitaka kucheka akajizuia. Mwendwa alinitazama. Tangu ile tarehe kumi na tatu hakuwa amenitazama usoni.

"Wewe, Mwaitu? Hata simu unaibonyeza kama unapima homa."

"Utaniambia, nitabonyeza."

Nikaona haya kwa kusema. Kisha akasema, "Sharti moja. Jina jipya. Na hakuna mtu ataambiwa. Hakuna."

"Hakuna mtu," nikasema. "Ukisema hapana ni hapana."

14 Desemba, Jumapili

Kanini alimtumia ujumbe, nami niliusoma kwa sauti kwa ruhusa yake. Hakumwita mpenzi. Aliandika: "Nimesikia uvumi kuna fisi mzee anaingia kwa seva ya Onesmus. Mimi niko huko. Nikikupata nitakupiga mpaka uombe maji." Mwendwa alidai nimsomee tena. Kumbe Mwendwa alikuwa amemwambia Kanini peke yake, kwa hiari yake mwenyewe.

21 Desemba, Jumapili

Tumevuna ndengu, si nyingi. Mahindi hakuna. Mbaazi zimesimama, huenda zikatufaa. Kifua cha Mwendwa kinakoroma asubuhi, na Bartholomew na mimi tunasikiliza kila mmoja upande wake wa kitanda tukijifanya tumelala.

Mchana niliketi kando yake, mkono mmoja kwenye kibodi, mwingine kwenye kipanya. Nilivaa miwani. Bartholomew alileta kiti akakaa nyuma, kofia magotini.

"Mbele," Mwendwa alisema. "Mbele, Mwaitu. Hiyo ni nyuma. Sasa kushoto. Kushoto kwako ni wapi?"

Niligonga ukuta. Nilianguka mtoni. Niliwapiga risasi watu wetu wawili, wakaniandikia matusi ambayo sitayaandika hapa. Kisha nikatoka nje ya nyumba moja ya matofali, nikaona mtu mwekundu juu ya paa.

"Lala chini! Lala! Ni Kanini huyo!"

Sikujua pa kubonyeza. Nilipigwa kabla hajamaliza kusema. Nilipofufuka alikuwa ananingoja palepale, akanipiga tena. Na tena. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyenipisha. Yule msichana alinifuata daraja zima kama mtu anayefukuza nyani shambani.

Nikasikia sauti nisiyoijua. Nikageuka kwa hofu, nikidhani ni pumzi. Mwendwa alikuwa anacheka. Kichwa kimeanguka kando, machozi yanamtoka, kifua kinapiga kelele kama bati, anacheka.

"Wamekupiga, Mwaitu! Wamekupiga bila huruma hata kidogo!"

Bartholomew aliinuka kumsimamisha kichwa, na nikaona kwamba naye anacheka, mdomo umefumbwa, mabega yanaruka.

Nilitaka kusimama nimpe maji. Nilitaka kumshika. Akatikisa macho: hapana.

"Acha maji," alisema, akivuta pumzi kwa shida. "Inuka. Wanarudi kwa upande wa mto."

Nikaweka vidole, nikabonyeza.